Kitanda Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo, matroni wa bweni la wasichana alifunga uzi mweupe kwenye mguu wa kitanda cha kwanza, akauvuta hadi kitanda cha ishirini na nne. Miguu yote ya mbele ilipaswa kuugusa uzi bila kuusukuma. Ndala zilipangwa chini ya vitanda, visigino nje. Ndoo zilifunikwa. Bweni hilo lilikuwa limeshika ngao ya usafi mihula mitatu mfululizo, na ngao yenyewe ilining'inia juu ya mlango, ikifutwa vumbi na kiranja, si mtu mwingine.

Jumanne moja uzi haukukigusa kitanda namba kumi na nne. Kilikuwa mbele kwa hatua mbili, kimeelekea mlangoni, na mwenyewe amelala juu yake.

"Nani amekisukuma?" aliuliza matroni.

"Hakuna, Matroni," alijibu msichana wa kitanda cha jirani, ambaye wenzake walimwita Redio. "Kimetembea. Nimekisikia kikipita, nikasogeza ndoo yangu kukipisha."

Matroni akaandika kwenye daftari: kitanda 14, nje ya mstari. Akakata alama mbili.

Mwenye kitanda alikuwa wa kidato cha kwanza, na bwenini wote walimwita Kumi na Nne. Wiki iliyotangulia alikuwa amepokea barua iliyoandikwa na jirani yao wa nyumbani. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa na miezi minne, alikuwa anapoteza macho. Daktari alisema hayatafika mwisho wa muhula. Bibi alitaka kumtazama mjukuu wake mara moja tu, mchana, vizuri, kabla hayajazima.

Fomu ya ruhusa ilikuwa na nafasi mbili: ugonjwa au msiba wa baba, ugonjwa au msiba wa mama. Matroni aliisoma mbele na nyuma, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Bibi hayumo, mwanangu."

"Lakini ndiye mama yangu, Matroni. Ndiye aliyenilea."

"Na aliyekuzaa yuko wapi?"

"Simjui."

"Basi siwezi kumwandika mtu usiyemjua. Na bibi nikimwandika kwenye nafasi ya mama, nitakuwa nimesema uongo. Unataka nianze uongo kwa umri huu?"

Kumi na Nne alisema hapana, Matroni, asante. Kitanda kilianza safari siku ya pili yake.

Jumatano kilikutwa kizingitini. Alhamisi kilikuwa chini ya kamba za nguo. Ijumaa kilikuwa kimepita bwalo la chakula. Matroni alifungua kanuni za shule. Ziliagiza kila mwanafunzi awe kitandani mwake mpaka kengele ilie, na huyu alikuwa kitandani mwake. Kuhusu kitanda kuwa wapi, kanuni zilinyamaza. Ikaamuliwa bweni lenyewe liwe linakirudisha.

Kwa hiyo kila alfajiri wasichana sita walitoka na kanga mabegani, wakakifuata kitanda kilipofika, wakakibeba.

"Shuka utusaidie basi, mwenzetu, umekuwa bibi harusi?" alisema mmoja, akihema.

"Asishuke!" alisema Redio, aliyeshika upande wa kichwa. "Kengele bado. Akishuka ataandikwa. Lala, mdogo wangu, jifunike vizuri. Sisi tunafanya mazoezi."

Kumi na Nne alijifunika mpaka kichwani ili wasimwone akilia, nao wakajifanya hawamsikii.

Jumatatu kitanda kilifika getini. Mlinzi alikiomba karatasi ya ruhusa. Hakikuwa nayo, kikasubiri pembeni, mguu mmoja ukigusa kizuizi, mpaka wabebaji walipokuja.

Matroni akamwita fundi wa shule.

"Nitakifunga kwa zege," alisema fundi, akikizunguka. "Ila nikwambie ukweli, mama, vitanda nimefunga vingi. Chenye safari sijawahi."

Alichimba mashimo manne sakafuni, akaisimamisha miguu humo, akamwaga zege, akalilainisha kwa mwiko. Kazi ilikuwa nzuri. Kesho yake uzi uligusa miguu yote, tangu kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, na matroni akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyotangulia. Kisha alifungua mlango, akakanyaga bustani ya maua.

Bweni lilikuwa limesogea hatua tatu. Ngazi za mlangoni zilibaki nyuma. Ndani hakuna ndoo iliyomwagika, na ngao haikupinda.

Wakaguzi walipokuja hawakupata kitanda nje ya mstari, wakatoa ngao ya nne. Fundi aliambiwa ahamishe uzio na aongeze matofali kwenye njia ya madarasani, na kila Jumamosi akawa anaongeza. Kiranja, aliyekuwa mzuri wa hesabu, alipima hatua tatu kwa siku, akagawa umbali, akamwambia Kumi na Nne taratibu kwamba watafika kwa bibi baada ya miaka mia moja na thelathini, bila kuhesabu likizo.

"Siyo mbali," alisema Redio. Siku hiyo wasichana wote waligeuza mito yao ielekee huko.

Kumi na Nne alimwandikia bibi yake kumweleza. Majibu yalikuja kwa mkono wa jirani, na matroni aliyasoma kwanza, kama barua zote zilivyosomwa. *Bibi hatambui tena sura za watu. Bado anaona mlango, na paa la kwetu. Amefurahi kusikia mnakuja. Anakaa nje kutwa nzima, anatazama barabara. Anasema mtu anaweza kumpita, lakini nyumba ni kubwa, hata yeye hawezi kukosa kuiona.*

Matroni aliisoma mara mbili. Akafungua droo, akaitoa fomu ya ruhusa, akaitazama. Ilikuwa na nafasi mbili. Akairudisha, akaipiga barua mhuri wa kukaguliwa, akampa mwenyewe.

Jioni hiyo, kabla ya kengele ya chakula, wasichana ishirini na nne walitoka mbele ya bweni wakaanza kuondoa mawe. Hakuna aliyewatuma. Matroni alitoka na uzi wake, akaufunga kwenye nguzo ya kona, akauvuta kuelekea kwa bibi, ili mawe wayapange kwa mstari.