Kisu cha Shemeji

"Gogo hili nalitafuta tangu asubuhi, kumbe limegeuzwa vijiti vya kuwashia jiko!" Mama Kuku alikuwa ameshika kipande kila mkono na kuvinyanyua juu, kama anaonyesha ushahidi mahakamani. "Hapa ndipo wanapolala kuku wangu. Leo watalala wapi? Kitandani kwenu?"

"Samahani, jirani. Lilikuwa limelala nje tu," mdogo wangu alisema.

"Na wewe jana ulilala nje kwenye mkeka na joto lako. Nilikupasua?"

Niliacha sufuria nikatoka mbio. Siku nyingine ningetoka kwa raha zangu, maana ugomvi wa uani kwetu ni burudani isiyo na kiingilio. Lakini siku ile moyo ulinilipuka, kwa sababu niliona mdogo wangu kashika nini. Alishika kisu. Na hakikuwa kile kisu ambacho nyumba nzima ilijua anacho.

Huyu mdogo wangu tunamwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa kuwa hapindiki. Anakaa kwetu, kwangu na mume wangu. Baada ya kusota muda mrefu alikuwa amepata kazi na kikosi kinachoingia msituni kuhesabu miti: wanalala kwenye mahema, wanawasha moto wenyewe, wanachonga vigingi wenyewe. Gari lingemfuata kesho yake alfajiri. Sharti moja walilopewa ni kwamba kila mtu aje na kisu chake, kisiwe cha kukunja.

Mume wangu ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo saluni yake, na anajiona hakuna anayemfikia kwa mambo ya makali. Aliposikia habari ya kisu alifunga mlango mapema, akaenda sokoni, akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na kisu kirefu kama mkono wa mtoto, cheusi, kina meno ya msumeno mgongoni. Ukifungua kifuniko cha mpini unakuta uwazi wenye ndoano na viberiti, na juu ya kifuniko chenyewe kuna dira. Alijinyoa nacho malaika ya mkono mpaka mkono ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

"Mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama, shemeji," alimwambia Msumari.

Tukapiga makofi. Msumari akakipokea kwa mikono miwili. Kila kichwa kilichokalia kile kiti cha kinyozi kilisimuliwa habari ya kisu kile, iwe kimetaka au hakikutaka.

Baadaye jikoni Msumari akanivuta pembeni. "Dada, hiki kitaniacha hapa hapa. Mkuu wa kikosi hukikagua kila kisu mwenyewe. Anakiweka juu ya gogo, anakipiga mgongoni kwa rungu. Safari iliyopita kisu cha mmoja wao kilikatikia mpinini mvua ikinyesha, wakakosa kuni kavu, wakalala bila moto. Sasa kikivunjika mbele yake, mwenye kisu anashuka garini."

"Kwani hiki kina nini?"

"Mpini ni bomba tupu. Chuma hakiingii ndani, kimeshikwa na skrubu moja."

"Basi mwambie shemeji yako."

"Mwambie wewe, ni mumeo."

Mimi huyu, ambaye nikianza kusema jogoo hunyamaza, nilishindwa. Mtu kanunua kwa moyo wake wote, utamwambia nini? Msumari akaenda zake kwenye kibanda cha vifaa vya ujenzi. Aliniambia alivipitia visu vya bei ya chini kimoja kimoja: hiki bapa lake linapinda ukilibonyeza, kile mpini unacheza. Mwisho akaokota kimoja cha mpini wa plastiki ya rangi ya machungwa, kifupi, hata sura hakina, ila chuma chake unakiona kimetokeza mpaka kitako cha mpini. Na mgongo wake una kona kali, ukikwangua nao kijiti cha chuma cha kuwashia moto, cheche zinaruka. Bei yake haikufika nusu ya kile cha boksi.

Tukakubaliana cha shemeji kilale chini ya begi, hiki kifanye kazi. Ila Msumari ni mtu wa kuhakikisha. Alitaka akipige yeye kabla hajakipiga mkuu. Kuni zetu zilikuwa vijiti laini tu, na nyuma ya banda la jirani palikuwa na gogo gumu. Mengine mmeshayasikia.

Kelele za Mama Kuku zilimtoa mume wangu saluni na mashine mkononi. Nyuma yake akaja mteja wake, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu.

Mume wangu hakuangalia gogo. "Shemeji, hicho kisu kimetoka wapi?"

Msumari akakificha mgongoni.

"Changu kiko wapi?"

"Kipo ndani, shemeji."

"Kimekosa nini?"

Nikaanza kufuta mikono kwenye kanga. Msumari akaangalia vidole vya miguu yake. Mteja akasema chinichini, "Makubwa haya."

"Kimekosa kazi!" Mama Kuku akadakia. "Mimi hapa nyuma ya ukuta nasikia kila kitu. Mpini bomba, skrubu moja, mwambie wewe, hapana mwambie wewe. Kileteni! Kama hiki cha rangi ya machungwa kimepasua gogo langu, hicho cha sifa kipasue kilichobaki. Hasara nimeshaipata, acha na mimi nione maonyesho."

"Kileteni," mume wangu akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Msumari akakileta, na mume wangu akakisimamisha mwenyewe juu ya kipande cha gogo. Akachukua mchi wangu, akagonga mara ya kwanza. Kisu kikazama kidogo, meno ya mgongoni yakang'ata mchi. Akagonga tena. Paa! Mpini ukabaki mkononi mwake, chuma kikabaki kwenye gogo. Kifuniko kikaruka na dira yake, kikabingirika mpaka miguuni pa jogoo. Jogoo akakidonoa, akaona hakina maana, akaenda zake.

Mteja alianza kucheka, akajizuia. Nadhani alikumbuka kwamba nusu ya kichwa chake ilikuwa bado mikononi mwa mtu yule yule.

"Kwa hiyo kesho angekipiga mkuu wenu," mume wangu akasema. "Mbele ya watu."

"Ndiyo, shemeji."

"Kikatoka hivi. Na gari likaondoka bila wewe."

"Ndiyo."

"Na mlijua, nyote wawili." Akanigeukia. "Mimi kwenye kile kiti nasikia habari za mji mzima, nani kamwacha nani, nani kahama na kodi ya watu. Ya nyumbani kwangu naambiwa na jirani?"

"Usiwaonee," Mama Kuku akasema. "Wanakupenda, ndiyo maana wamenyamaza. Mimi sikupendi, ndiyo maana nimesema."

Mume wangu alimtazama, akatazama mpini mtupu. Kisha akanyoosha mkono kwa Msumari. "Lete hicho."

Akakigeuza, akakipima uzito, akabonyeza bapa kwa dole gumba. "Chuma ni chuma kweli. Lakini makali yenyewe! Hiki hata nyanya itakicheka." Akaingia saluni, akatoka na jiwe lake la kunolea na mkanda wa ngozi, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Na kichwa changu?" mteja akauliza.

"Kichwa chako hakisafiri kesho."

Akanoa taratibu, upande huu, upande ule, huku akimwelekeza Msumari: asikiweke kwenye ala kikiwa na maji, chuma cha aina hii hushika kutu upesi, akipake mafuta hata kama ni ya kupikia. Alipomaliza akakijaribu kwenye mkono wake wa pili, maana wa kwanza haukuwa na kitu tena. Halafu akaenda alipokuwa jogoo, akaokota kile kifuniko, akakifuta kwa taulo la mabegani.

"Dira chukua. Hii haijavunjika."

Msumari aliipokea kwa mikono miwili, na safari hii nilijua hajifanyi.

Mimi nilikuwa nimeshaviokota vile vipande vya gogo na kuvisukuma jikoni. Maharage yalikuwa yamenigomea tangu asubuhi, na kwa moto ule wa kuni ngumu yakaanza kutokota kama yameogopa.

"Sasa kisu kimepatikana, nimefurahi sana," Mama Kuku akasema, mikono kiunoni. "Gogo langu je?"

"Kesho nikirudi kumsindikiza nitakuwekea jipya," mume wangu akasema.

"Na hili?"

Mume wangu akanusa hewa iliyotoka jikoni, akasogeza kigoda karibu na mlango. "Hili limeshaivisha maharage. Ingia ndani, jirani, ukae ule na sisi. Halafu uniambie ukweli kuhusu chumvi ya mke wangu, maana na mimi siku zote naogopa kusema."