Foleni Iliyonyamaza

Kuna watu Mungu aliwapa sauti akasahau kifuniko. Kipaza alikuwa mmoja wao. Aliuza mitumba kando ya barabara, na akitangaza gauni, hata waliokuwa nyumba ya nne walijua rangi yake na wapi limetoboka. Kaka yake, seremala, alikuwa kiziwi tangu utotoni, na tangu utotoni Kipaza ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Shida yao ilikuwa dirisha la zahanati. Muuguzi aliita majina kupitia hapo, na jina lako likikupita, unarudi nyuma ya foleni. Seremala alikuwa mtu wa dawa za presha. Akisindikizwa na dada yake, biashara inalala. Akienda peke yake, anakaa kwenye benchi mpaka dirisha linafungwa, anarudi mikono mitupu. Juzi juzi, dawa zikiwa zimemwishia, alianguka kwenye karakana yake na kichwa kikaukosa msumeno kwa tundu la sindano.

Kipaza akasema sasa basi. Akakusanya watu karakanani, wakakalia vitanda visivyo na chaga: yeye, mwalimu mstaafu wa jirani, na mshona viatu.

"Tunakodi spika na matarumbeta," alisema, mikono ikimtafsiria kaka yake. "Tunawaamkia pale zahanati, wakome."

"Wakome nini?" Mwalimu akauliza. "Tunataka nini hasa?"

Wakataja benchi, choo, bati linalovuja. Mshona viatu akadai na feni.

"Ukiomba kumi, unapewa pole," Mwalimu akasema. "Chagueni moja. Na mjue ni nani mwenye kauli."

Wakachagua: mgonjwa aitwe kwa namba anayoiona. Mwenye kauli ni mkuu wa zahanati, si diwani, ambaye pale hana hata ufunguo wa choo. Hapo seremala akacheka, akaanza kusema kwa mikono. Kipaza akamtazama, uso ukamshuka.

"Anasemaje?" mshona viatu akauliza.

"Anasema tunataka kumpigia kelele asiyesikia kelele. Maandamano yakifana, tusisahau kumwambia."

Wakaangua kicheko, isipokuwa Kipaza. Ilimpitia kichwani kwamba mambo yote haya aliyapanga bila kumuuliza mwenyewe. Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kwa mikono: wewe ungefanyaje?

Seremala akajibu polepole, kama anayepima ubao. Wakiita, mtu asijibu. Wao nao waonje.

Siku ya siku, walifika zahanati jua halijachomoza. Kipaza akapita benchi kwa benchi akiongea kwa sauti ya chini, na kwake hiyo ilikuwa kazi kuliko kubeba robota. Mwenye homa kali na mwenye mtoto mchanga waende kama kawaida. Wengine, wakiitwa, wanyamaze.

"Mwanangu," akasema bibi mmoja aliyekuwa wa mbele kabisa, "nimewahi nafasi nikiacha moto jikoni, halafu unaniambia niipoteze?"

"Bibi, sikulazimishi. Ni kwa ajili ya kaka yangu yule pale, hasikii akiitwa."

Bibi akamtazama seremala, hakusema ndiyo wala hapana.

Dirisha likafunguliwa. Jina la kwanza likawa la bibi. Kipaza roho mkononi: huyu akiitika, wote wataitika, na kaka yake atabaki na benchi lake. Muuguzi akaita tena. Bibi akafunga fundo la kanga, akalifungua, akatazama dari. Jina la pili likaitwa, la tatu. Kimya.

Muuguzi akatoka nje. "Kulikoni? Mmelala?"

Seremala akasimama, ameshika kibao alichokiandika kwa rangi: HIVI NDIVYO NINAVYOSIKIA MIMI.

Muuguzi akakisoma, akakisoma tena. "Kaka," akasema, "kumbe ni wewe ninayekuita kila mwezi nikidhani umeondoka." Akaenda kumwita mkuu wa zahanati.

Mkuu akaja na miwani kwenye paji la uso. "Haya, mnataka nini?"

Jibu likampanda Kipaza mpaka kwenye meno. Akauma ulimi. Seremala akatoa mfukoni vibao vidogo vyenye namba, alivyovipiga msasa mwenyewe, akampa mkuu kimoja, kisha kingine chenye namba ileile akakitundika kwenye msumari wa dirisha. Halafu akaonyesha kidole: wewe, ingia.

Mkuu akacheka. "Hili hata halihitaji barua," akasema. "Sista, tuanze leo."

Mwezi uliofuata Kipaza alikuwa akitangaza suruali alipomwona kaka yake akija peke yake, pakiti ya dawa ikichungulia mfukoni mwa shati. Alikuwa akitembea kama mwenye nyumba. Kipaza akaacha suruali katikati ya bei. Akachagua sweta zuri kuliko yote kwenye robota, akaulizia njia mpaka kwa yule bibi.

"Nimekuja kukushukuru, Bibi. Na wote wa siku ile nitawatafuta, mmoja mmoja."

"Ushukuru nini?" Bibi akasema, huku akilipokea sweta. "Mimi siku ile sikusema kitu."

"Ndicho hicho hicho," Kipaza akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye ilimshangaza.