Hili Si Zoezi

Ofisini walimwita Bi Itakuwaje, naye hakuwa na kinyongo, maana jina alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa afisa wa maafa wa halmashauri ya mji, na hapakuwa na kikao alichokaa kimya. Itakuwaje mwenye ufunguo wa bohari akiugua? Itakuwaje simu zikikosa mtandao siku ya moto? Mkurugenzi, mtu wa mizaha, alizoea kumjibu, "Na itakuwaje, bibie, kama haitakuwa kitu?" Watu wakiangua kicheko naye hucheka nao, kisha huuliza tena palepale alipoishia.

Kwa kuuliza huko ndipo zoezi lilipopatikana. Watumishi wote wangekusanyika asubuhi katika uwanja wa michezo, wajifanye kwamba jukwaa limeporomoka likiwa limejaa watu. Makarani wangelala majanini wamepakwa rangi nyekundu, kila mmoja na kibao shingoni: amevunjika mguu, amezimia, amekufa. Zimamoto na wauguzi wangekuja kuwaokoa. Majeruhi wote wa kuigiza wangefungwa kitambaa cha njano mkononi, na Bi Itakuwaje akawawekea sheria: mwenye kitambaa cha njano aachwe aigize, asiulizwe maswali ya pembeni. Lakini likitokea jambo la kweli katikati ya uongo ule, kulikuwa na maneno ya kutamkwa kwenye kipaza sauti, na yakitamkwa kila mtu aache alichoshika: "Hili si zoezi."

Siku ilipofika, shangazi anayemtunza baba wa Bi Itakuwaje nyumbani akaamka na homa. Baba huyo alikuwa ameanza kupotewa na mambo. Siku nyingine alikumbuka hata rangi ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, siku nyingine alimwamkia binti yake kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Hakuwa mtu wa kuachwa peke yake. Bi Itakuwaje akamvalisha koti la kijivu, akamshika mkono, wakaenda wote. Walinzi wa lango waliambiwa wasiingize asiyehusika, kwa hiyo alichomoa kitambaa cha njano mkobani, akamfunga mzee, akamkalisha kwenye kiti katika hema la wauguzi.

"Kaa hapa, Baba. Narudi sasa hivi."

"Kuna sherehe?"

"Kuna kazi."

"Haya, kazi njema, mwanangu," alisema mzee, akatulia na mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, na badala ya kuondoka na jua ukazidi kuwa mzito. Uliimeza milingoti ya goli, ukayafuta majukwaa, ukabakiza vipande tu vya dunia: machela inayopita bila wabebaji, kofia ya zimamoto inayoelea, mkono mwekundu ulioinuka majanini ukaanguka tena. King'ora kilipolia, mlio wake ulikuja kama kutoka chini ya maji. Hata Bi Itakuwaje, aliyepanga kila kitu, alijiona anatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine, akiogopa kupiga hatua kubwa asije akamwamsha.

Aliporudi hemani kiti kilikuwa kitupu.

"Mzee wangu yuko wapi?" alimuuliza muuguzi aliyekuwa akikunja bandeji.

"Yule anayeigiza kupotea? Jamani, yule ni fundi! Kaniuliza njia ya kwa mama yake, macho yanamlengalenga, mpaka nikataka kumjibu."

"Kaelekea wapi?"

"Mimi nitajuaje, dada? Si ulisema tusiwaingilie?"

Akamfuata askari wa zimamoto. Huyo naye alikuwa na habari. "Kanishika mkono huyo babu, ananiambia watu wanakufa, fanyeni haraka. Nywele zilinisimama! Mpeni zawadi."

Langoni mlinzi alimpigia saluti. "Ametoka, mama. Kasema anakwenda kumtafuta daktari. Nikaona kitambaa, nikajua imo kwenye mpango, nikamfungulia."

Nje ya lango lile kulikuwa na barabara kuu, na malori yalikuwa yakinguruma humo ukunguni bila kuonekana hadi yawe yamekwisha kupita. Aliita, "Baba!" Sauti yake ikaenda mahali isirudi.

Alikimbia hadi kwa mkurugenzi, aliyekuwa amesimama na wageni kutoka wizarani, mwavuli mkononi. Mkurugenzi akamvuta kando.

"Tuma watu wawili wamtafute taratibu," alinong'ona. "Tumebakiza kipande kidogo tu. Usituaibishe mbele ya wakubwa, bibie."

"Watu wawili kwenye ukungu huu?"

"Ni mtu mmoja. Na ni wa nyumbani kwako."

Hapo ndipo alipomchoma, maana ndilo neno alilokuwa akilikimbia. Ni wa nyumbani kwake kweli. Yeye ndiye aliyemleta, na yeye ndiye aliyefunga fundo la kitambaa kile. Akitamka kwenye kipaza sauti, mji mzima utajua kwamba aliyewauliza wenzake maswali yote hayo hakujiuliza moja kuhusu baba yake. Akasikia lori jingine linapita. Akakichukua kipaza sauti.

"Hili si zoezi," alisema. "Narudia, hili si zoezi. Nimempoteza baba yangu. Mzee mrefu, koti la kijivu, kitambaa cha njano. Mimi ndiye niliyemfunga. Ametoka nje ya lango. Tafadhalini."

Kisha wafu wakaanza kuinuka. Waliinuka mmoja mmoja kutoka majanini, na vibao vyao shingoni, na vifua vyao vyekundu. Aliyevunjika mguu akatoka mbio, aliyezimia akamfuata. Zimamoto wakaenda kusimamisha malori kwa taa zao. Hakuna aliyeuliza nani aende wapi, kwa kuwa wiki nzima walikuwa wakizoezwa kugawana pande za kutafuta hadi wakanung'unika. Wakazama ukunguni wakiita, "Babu! Babu, uko wapi?" Ungesema ni makaburi yote yametoka kumtafuta mtu aliye hai.

"Huku!" sauti ilipaa nyuma ya ukuta wa kituo cha basi. "Yuko huku!"

Aliyeita alikuwa karani wa masijala. Alilazwa huko peke yake, na kibao cha amekufa, ili ionekane kama waokoaji watawakumbuka waliojikokota mbali. Hawakuwa wamemkumbuka. Bi Itakuwaje alimkuta amefunikwa koti la kijivu hadi kidevuni, na baba yake amepiga magoti kando, amemshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa natafuta daktari," mzee alisema, "nikamkuta huyu. Sasa ningemwachaje peke yake? Lakini ameamka! Mwenyewe nimeona, amefungua macho."

"Nilidhani anaigiza, bosi," karani alisema, na hakuweza kumtazama. "Kanifunika, akalia. Nikaona haya kuamka. Mpaka nilipokusikia wewe."

Bi Itakuwaje alikaa chini kwenye udongo wenye umande, bila kujali suruali yake ya kazi. Mzee akamgeukia, akamtazama kwa upole wa mgeni.

"Na wewe, mama, umeumia wapi?"

"Nilikuwa nimepotelewa na mtu, mzee wangu. Nimempata."

"Ah. Basi utapona."

Mkurugenzi alitokea anahema, mwavuli ameuacha njiani. Akawaona walivyokaa. Kisha akavua koti lake na kumwekea mzee mabegani.

Wakarudi wote pamoja, mzee katikati, ameshikwa na binti yake. Njia nzima aliwauliza waliopakwa rangi, mmoja baada ya mwingine, wameumia wapi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ni mchezo. Wa kwanza akasoma kibao chake. Wa pili akasita, akasema, "Mgongo, babu, tangu mwaka juzi." Mkurugenzi zamu yake ilipofika, aliangalia pembeni, huko ukunguni.

"Usingizi, mzee," alisema. "Sipati usingizi."