Dola Mia Nne na Ishirini

Barua ilisema mume wangu amezidisha akiba, nami papo hapo nikajua kuna kitu ananificha.

Ingekuwa ni mume wa mtu mwingine ningecheka tu. Lakini Orest! Huyu ndiye aliyetengeneza barafu ya ukumbi wetu wa kuchezea mawe, ambamo mawe huteleza na wachezaji huyafagilia njia, kwa miaka ishirini na mitatu, na maji ya kunyunyizia alikuwa akiyapima kama dawa ya mtoto. Kila Januari, siku ya kwanza benki kufunguliwa, alivaa koti lake la harusi akaenda kujaza akaunti yake ya akiba isiyotozwa kodi mpaka kwenye kikomo cha mwaka, senti kwa senti. Akirudi husema, “Basi, na serikali tumemalizana.” Mtu wa namna hiyo hazidishi kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimesimama posta, mwezi wa Julai, vumbi la barabara ya changarawe limenijaa viatuni. Ofisi ya kodi ilidai kwamba mwaka uliopita Orest aliweka dola elfu kumi na nne juu ya kikomo, na kwa kila mwezi wa ziada hiyo atozwe asilimia moja. Miezi mitatu. Dola mia nne na ishirini.

Elfu kumi na nne zilitoka wapi? Tulikuwa na pensheni mbili, bustani ya viazi na gari lenye mlango mmoja usiofunguka.

“Wamekosea hao,” Orest alisema mezani jioni hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali.

“Hao hawakosei hivyo.”

“Wewe uliwahi kufanya kazi kwao?”

Masikio yake yalikuwa mekundu. Tangu tuchumbiane, Orest akisema uongo mdomo hutulia na masikio humsaliti. Nilimwongezea krimu, nikiwa nimeshaamua kupekua.

Siku ya tatu nilizipata karatasi za benki ndani ya mfuko wa fagio lake la mchezo. Machi, zimetoka elfu kumi na nne. Oktoba, zimeingia elfu kumi na nne. Hapo nikaelewa kosa lenyewe, kwa sababu nilikuwa karani wa shule miaka thelathini na karatasi za serikali nazijua. Ukitoa pesa katika akaunti ile, nafasi yake hairudi mpaka Januari inayofuata. Orest alidhani anarudisha tu kilichokuwa chake, kumbe wao walihesabu ni pesa mpya. Kosa la mtu mwaminifu, unaweza kusema. Lakini mwaminifu kwa nani? Kama asingezirudisha, nisingejua maisha kwamba ziliwahi kutoka.

Nikamfikiria Verna, mjane aliyesimamia jiko la ukumbini. Masika ya mwaka ule pesa zilipotoka alikuwa amejengewa baraza jipya la mbao mbele ya nyumba. Naona haya kuandika hili, lakini nilikwenda kwake na keki ya mbegu za mpopi, nikakaa kwenye baraza hilo nikihesabu mbao.

“Limependeza,” nilisema. “Lilikugharimu kiasi gani?”

Verna alinitazama juu ya kikombe chake. “Sonia, mbao kaniletea shemeji. Na kama ni Orest ndiye unayemtafuta chini ya sakafu yangu, inama uchungulie. Mwanamume huyo hata kahawa ananikopa.”

Nilirudi nyumbani nimeaibika, lakini sikupoa. Shaka ilikuwa imenizoea. Miaka minne kabla ya hapo ilikuwa imenisaidia, au ndivyo nilivyojiambia. Ilikuwa ni mimi niliyegundua kwamba mwanangu Markian alichukua kadi yangu ya benki akazimaliza pesa zangu kwenye mashine za kamari za hotelini. Nilimfukuza hapo hapo mlangoni. Alisema, “Nitalipa, Mama.” Nikamjibu kwamba mwizi hana ahadi, na kwamba sina mtoto. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Orest alijaribu mara moja, nikainuka nikaacha chakula.

Mwisho wa wiki Orest aliniletea karatasi nyeupe na kalamu yangu nzuri.

“Wanasema ukieleza kwamba ni makosa ya bahati mbaya, wanaweza kufuta faini. Wewe una mwandiko. Waandikie nimesahau.”

“Umesahau nini?”

“Sheria.”

“Watauliza pesa zilikwenda wapi miezi saba.”

“Hawataki kujua hilo.”

“Mimi nataka.” Niliweka kalamu chini. “Kama kuna mwanamke, sema sasa, Orest. Nina umri wa miaka sitini na sita. Sitapiga kelele.”

Alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akakaa. Alianza kufikicha kitambaa cha meza. “Nilimkopesha Markian,” alisema. “Ana karakana ya kuchomelea vyuma kule mjini Yorkton. Mwenzake alikuwa anamuuzia sehemu yake. Benki zilimkatalia.”

Saa moja na nusu kwa gari. Miaka minne mwanangu alikuwa umbali wa saa moja na nusu, na mume wangu alikuwa akijua.

“Na zilizorudi Oktoba?”

“Za kwake. Zote.”

“Mbona upesi hivyo?”

Nilimwona akitafuta njia ya kulipita swali. “Nilimwambia hakuna haraka, hata miaka miwili sawa. Akakataa. Alifanya kazi usiku na mchana, hata mwenye karakana jirani akamuuliza analala saa ngapi. Markian mwenyewe aliniambia hivi: ‘Baba, Mama akijua nina hela zenu, hata siku moja, atasema nimeiba tena.’”

Kama angengoja miezi mitatu tu, mpaka Januari, barua ile isingekuja. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, kwa mazoea ya ukarani. Faini ile haikuwa ya Orest wala ya Markian. Nililia pale mezani mbele ya karatasi nyeupe, na Orest, ambaye hajui la kufanya mtu akilia, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Barua ya kujitetea sikuiandika. Jumatatu nilikwenda benki nikalipa mia nne na ishirini kutoka kwenye pensheni yangu, nikamwomba Orest asimwambie kijana. Mpaka leo Markian hajui.

Jumamosi nilijaza sanduku pirohi zilizogandishwa, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, za viazi na jibini, kama anavyozipenda, nikaendesha gari peke yangu. Karakana ilikuwa na jina lake mlangoni, herufi zimekatwa kwa chuma. Alitoka akivua glavu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua mbele, kama za baba yake. Alitazama nyuma yangu kwanza, akimtafuta Orest garini. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akasema:

“Pesa nimerudisha zote, Mama. Muulize Baba.”

“Najua,” nilisema. Sanduku nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili na baridi yake ilikuwa imepenya kwenye sweta. “Pokea hili, linanigandisha vidole.”

Alilipokea, akasogea kando ya mlango, na mimi nikajifuta viatu kwenye mkeka wake kama mgeni.