Mita ya Chuma cha Moto

"Hivi huyo mumeo ana nini, mbona kila anachochonga anakiacha nusu?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu wa mlango wa pili, miaka mingi nyuma, tukianika nguo uani. Alikuwa ameziona mbao za mume wangu zimeegemezwa ukutani. Kila moja imenyooka upande mmoja, na upande wa pili imekatwa mabonde na vilima kama ubavu wa mtungi. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Akamwuliza kweli. Mume wangu akamjibu, "Shemeji, nusu ndiyo kazi yangu. Nusu nyingine huja yenyewe ikizungushwa." Jirani akaenda zake akisema nimeolewa na mganga.

Hakuwa mganga. Alikuwa fundi wa kalibu katika kiwanda cha kusubu chuma. Ubao kama ule hufungwa kwenye nguzo iliyosimikwa katikati ya mchanga, kisha ukazungushwa kama mlango kwenye bawaba. Ukingo wake hukwangua mchanga mpaka libaki shimo lenye umbo la kitu kizima, na humo ndimo humwagwa chuma kilichoyeyuka. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa kwa kutazama.

Alipofariki, sasa ni mwaka wa nne, nilizifunga mbao zake kwa shuka kuukuu nikazisukuma uvunguni. Watu walisema nizipikie. Sikuweza. Kila siku nafagia nikizizunguka, mgongo unauma, nasema kesho nitazitoa, kesho ikifika nafagia tena.

Mwaka huu binti yangu aliajiriwa kwenye ofisi ya michoro ya mashine. Ajira ya majaribio, miezi sita. Bosi wake ni mtu mwembamba mwenye miwani, na wafanyakazi humwita Bwana Milimita, maana hata kikombe cha chai anakipima kwa macho kabla ya kukiweka mezani. Basi pampu ya maji ya hospitali ikapasuka kifuniko. Pampu ni ya zamani, mchoro wake haupo, na vile vipande vya kifuniko fundi mmoja mwenye haraka alikwisha kuviuza chakavu. Binti yangu akakumbuka kwamba kifuniko kile alikisubu baba yake.

"Mama, mbao zipo?"

"Zipo. Inama mwenyewe, mimi magoti yameshanikataa."

Kesho yake nikaenda naye ofisini, kwa sababu kifuniko kina mbao mbili, moja ya umbo la nje na nyingine ya tumbo la ndani, na aliyejua ipi ni ipi ni mimi peke yangu. Marehemu alitia pengo moja kwa ya nje, mapengo mawili kwa ya ndani.

Binti yangu akaulaza kila ubao juu ya karatasi, akafuata ukingo wake kwa penseli, akapima mistari na kuiingiza kwenye kompyuta. Nilikaa kando kwenye kiti cha plastiki. Kwanza alinionyesha mchezo mdogo ili nisichoke: akachora mraba mtupu, akauvuta juu, ukawa tofali. "Huku ni kuvuta," akasema. "Sasa tazama kuzungusha." Akaweka ile mistari miwili ya baba yake, akachagua mstari wa katikati, akabonyeza. Ule mchoro bapa ukajizungusha mara moja, na hapo kwenye skrini kikakaa kifuniko kizima, kinang'aa, akawa anakigeuza kwa kidole atakavyo.

Nikasema, "Ee Mungu wangu." Mume wangu kazi hiyo ilimchukua siku mbili, na kikohozi cha vumbi juu yake.

Binti yangu hakufurahi. Alikuwa amekunja uso. "Namba hazilingani. Hapa ubaoni baba ameandika sentimita thelathini na tano toka katikati hadi ukingoni. Mimi nikipima napata thelathini na tano, na milimita tatu na nusu juu. Na si hapa tu. Kila mahali kimezidi."

Bwana Milimita akainama kutazama. "Tatu na nusu? Hilo si kosa, huo ni ukarimu. Marehemu alikuwa anakadiria kwa macho. Fuata ubao, achana na namba zake."

"Wazee wetu hao," akasema binti yangu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kupendwa kazini. Kisha akaandika chini ya mchoro, akanisomea bila kuwaza: *Vipimo vilivyoandikwa na fundi si vya kuaminika. Tumefuata ubao.* Bwana Milimita akatia saini.

Nilirudi nyumbani na lile neno limenikwama kifuani kama kidonge kilichomezwa bila maji. Mtu yule niliishi naye miaka ishirini na saba. Hata chumvi hakuikadiria.

Nikasali, nikatoa sanduku lake la vifaa. Chini kabisa palikuwa na rula yake ya mbao ya mita moja, imesuguka katikati. Nilipoishika tu nikakumbuka pazia. Mwaka tuliohamia nyumba hii niliitumia kupimia pazia la sebuleni, mita mbili, na likaja kuburuza sakafuni. Nikajilaumu mimi. Mume wangu akacheka mpaka akaketi chini. "Hiyo mita si ya vitambaa, mama watoto. Ni ya chuma cha moto. Chuma kikipoa hujikunyata kama mwenye homa, kila mita inapoteza sentimita. Mita yangu nimeshaiongezea kabisa."

Nikailaza rula kitandani, nikanyoosha utepe wangu wa kushonea kando yake. Mita yake moja ilikuwa sentimita mia moja na moja.

Basi hakukosea. Aliandika ukubwa wa kifuniko kikishapoa, akachonga ubao kwa ukubwa wa chuma kikiwa bado moto. Namba ni za kweli na ubao ni wa kweli, ila binti yangu alipima ubao kwa rula ya watu. Na alikuwa ameniambia njiani kwamba kiwanda kitakachosubu kimesema, "Ya kupoa tutaongeza sisi." Kitaongezwa mara mbili. Kifuniko kitakuja kipana, kitapwaya, na hospitali itakaa bila maji.

Alipotoka kazini jioni nilimwonyesha. Sikusema mengi. Alitazama rula, akatazama utepe, akavirudia mara tatu, kisha akaketi kitandani na viatu vyake.

"Wanamwaga kesho saa nne," akasema.

"Basi uwahi mapema."

"Mama, Ijumaa ndiyo wanaamua kama nabaki. Aliyenitangulia alirudishwa nyumbani kwa nukta. Nukta, mama! Aliiweka mahali pasipo pake." Akajifuta uso kwa viganja. "Nimechoka. Miezi sita nacheka vichekesho vya yule mtu."

"Najua."

"Hujui."

Nikamimina chai. Chai ikapoa, hakuna aliyeinywa.

Asubuhi tulikuwa ofisini kabla mfagiaji hajamaliza ukumbi. Bwana Milimita alipoingia, binti yangu hakumpa nafasi ya kuvua koti. Akaziweka rula mbili mezani, ya ofisi na ya baba yake, akaeleza yote kwa pumzi moja. Yule bwana akainamia meza. Akazisogeza, akazisawazisha kwa ukucha, akahesabu kwa midomo. Kisha akapiga simu kiwandani. "Msimwage. Nimesema msimwage! Mchoro mwingine unakuja."

Binti yangu alishaketi kwenye kompyuta. Haikumchukua hata robo saa: akapunguza mistari ikafuata namba za baba yake, akazungusha upya, akatuma. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani yameisha.

Bwana Milimita akafunga mlango. Akazungumza kwa sauti ya chini, si kwa ubaya. "Sikilizeni. Kifuniko kimepona. Limebaki hili la maandishi. Wenye hospitali wataniuliza kwa nini nimebadilisha mchoro niliokwisha kutia saini. Tuseme hivi: marehemu alitia alama vibaya, sisi tukagundua tukasahihisha. Lile neno la kwanza, kwamba vipimo vyake si vya kuaminika, libaki kama lilivyo. Binti atapata barua yake ya ajira, mimi nitabaki na jina langu. Marehemu..." Akanigeukia. "Samahani, mama. Lakini marehemu hana anachopoteza."

Binti yangu akanitazama. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

Nilifika pale nimejiandaa kulitetea jina la mume wangu hata mbele ya waziri. Lakini nilimwona mtoto wangu, mabega yamemshuka, nikaona na miezi mingi ya kutembea na bahasha ya vyeti mlango hadi mlango. Mungu anisamehe, nikasema, "Mwanangu, mwache baba yako aubebe mzigo huu. Alishabeba mizito kuliko huo."

"Umemsikia mama," akasema Bwana Milimita.

Binti yangu akageukia kompyuta. Akalifuta lile neno la zamani, herufi moja moja, kana kwamba kila moja ina uzito. Akaandika, akachapa, akatia saini yake, akaiweka karatasi mbele ya bosi. Nikaisoma nikiwa nimekaa, maana herufi zilikuwa kubwa: *Vipimo vya fundi ni sahihi. Aliyekosea kupima ni mchoraji.*

"Unajua maana yake?" akauliza Bwana Milimita.

"Najua."

"Mama yako mwenyewe amekuruhusu."

"Mama amechoka, bosi. Hata mimi nimechoka. Lakini nilimcheka baba yangu hapa hapa, wewe ukisikia. Na alikuwa sahihi."

Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua kalamu akaishika juu ya karatasi muda mrefu. Kisha akairudisha mezani. "Siwezi kutia saini hii. Na ile barua ya Ijumaa usiingojee."

Binti yangu akaitika kwa kichwa tu. Akazima kompyuta yake, akasukuma kiti chini ya meza taratibu kisipige kelele, akatundika mkoba begani, akafungua mlango, akatoka.