Bangili Iliyoyeyushwa Mara Mbili

Shemeji yangu aliiba bangili ya marehemu mama yetu kutoka kwa dada, mkewe wa ndoa. Akamwambia imeponyoka bafuni ikaenda na maji. Dada alilia, akajilaumu, akafungua mpaka bomba la maji machafu kwa mikono yake. Mumewe akasimama pembeni kumshikia tochi.

Mimi ni sonara, kazi niliyoirithi kwa baba. Dhahabu ya bangili ile aliichanganya yeye, akatia shaba nyingi kuliko kawaida, ikatoka nyekundu kama ganda la kitunguu. Hakuna mwingine hapa anayechanganya hivyo. Wateja hawaipendi rangi ile. Mama aliipenda.

Sasa akaja binti mmoja dukani na mkufu uliokatika. Nikausugua kwenye jiwe la kupimia, ukaacha mstari mwekundu ule ule. Akaniambia kapewa na mchumba wake, akamsifu mpaka gari lake, gari lile lile la shemeji. Maskini, hakujua anamsifu kwa nani. Nikamwambia mkufu nitamkabidhi mchumba mwenyewe.

Dada anafundisha kemia. Mimi shule iliniacha mapema, lakini yeye ndiye aliyenieleza kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomu, na atomu za dhahabu uziyeyushe, uzigonge nyundo, uzizamishe kwenye asidi, zitabaki za dhahabu. Nilipompa habari za mkufu akasema, "Kaka, usimpige. Yeyusha."

Shemeji akaja ananukia manukato. Angekosa kuja angejishtaki, na aliamini kilichopita motoni hakina ushahidi. Akasema dhahabu ile aliinunua safarini. Nikaitikia. Nikachanganya asidi mbili kwenye glasi karibu na dirisha, nikautumbukiza mkufu mbele yake. Alidhani nausafisha. Akavuta stuli, akanisimulia mpira. Moshi wa kahawia ukapanda, mkufu ukakonda kama uzi, mwisho glasi ikabaki na maji ya njano.

"Mkufu uko wapi?"

"Umepotea, shemeji. Umekwenda na maji."

Akatukana, akataja polisi. Nikamwambia aende, ila njiani apange vizuri atakavyowaeleza bangili ya mama mkwe iligeukaje mkufu wa hawara. Kisha nikamsogezea glasi.

"Si mali yako? Beba."

Akaitazama kama mtu aliyeletewa mkojo.

"Kamwage chooni," akasema, akatoka.

Nilitaka aseme hivyo kwa kinywa chake, kwamba si mali yake tena.

Jioni dada akaja na unga wake mweupe wa maabara. Akautia kidogo kidogo kwenye glasi, na chini kukatuama tope la kahawia, baya kutazama. Ile ndiyo dhahabu yote. Shaba ilibaki majini, tukaiacha. Nikaliosha tope, nikalipiga moto mpaka likang'aa, nikaongeza shaba mpya kwa kipimo cha baba.

Siku ya talaka dada aliketi mbele ya mumewe, akakunja mkono wa gauni polepole, akauweka mkono mezani. Jamaa akaitazama bangili, akanitazama mimi, akaitazama tena. Hakimu akamuuliza swali mara mbili, hakusikia.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "nikushikie tochi?"