Silanga ya Ban Dheer

Ban Dheer ni uwanda mrefu kusini mwa mji wetu wa Banissa, na ulikuwa na nyasi kwa sababu moja tu: haukuwa na maji. Ng'ombe hawezi kulishwa mahali ambapo atakosa maji kwa siku tatu. Mbuzi naye hachelewi kurudi kisimani. Ngamia huvumilia siku kumi na zaidi, kwa hiyo kiangazi kikikaza, uwanda ule ulikuwa wa ngamia. Hakuna aliyeulinda kwa bunduki wala kwa ua. Kiu ndiyo iliyoulinda.

Hilo kila mchungaji analijua. Abdiqani, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikaa ofisini Mandera miaka kumi na minne, akalisahau. Au hakulisahau, mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilimpa miaka mitatu nione.

Alirudi na mpango wa kuchimba silanga katikati ya uwanda, shimo kubwa la kukinga maji ya mvua. Kwa desturi yetu baraza halipigi kura. Watu huketi wakazungumza mpaka asibaki wa kupinga, na anayenyamaza amekubali. Nilieleza habari ya kiu, polepole, kwa kuwa sijui kusema kwa haraka. Abdiqani alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Ina adeer," aliniambia, akilitamka neno letu la binamu kwa utamu, "nimeona watu wanaoogopa simba, na wanaoogopa serikali. Anayeogopa maji ni wewe wa kwanza."

Walicheka wote. Nikanyamaza. Kwa hiyo nilikubali.

Tingatinga likaja, likachimba. Wageni wakaja kufungua, wakapigwa picha, wakaondoka kabla ya adhuhuri kwa sababu ya joto. Ubao ukasimamishwa wenye jina la Abdiqani, kwa herufi kubwa kuliko jina la Banissa. Mvua ilipojaza silanga, ng'ombe walikuja kutoka kila upande na hawakuondoka. Watu wakawafuata, wakajenga vibanda, wakafungua maduka ya sukari na pasta. Abdiqani alizungushia ekari mbili ua wa miba, akapanda nyanya. Ua ule ulimaliza migunga yote ya karibu. Ya mbali ikachomwa makaa. Alikuwa akiwatembeza watu shambani, mikono nyuma, akiwaambia hayo ndiyo maendeleo. Qali, mke wangu, alinunua kilo moja, akasema ameona mavi ya ngamia makubwa kuliko nyanya hizo.

Mimi pia nilinywesha mbuzi wangu pale. Sisimulii haya kama mtu msafi.

Mwaka wa tatu mvua haikunyesha. Silanga ilikauka mapema, na nyasi ambazo zingetuvusha hazikuwepo tena. Nusu siku ya kutembea, kila upande, ilikuwa vumbi laini kama unga. Ng'ombe walikufa wamekwama kwenye tope. Ngamia wangu kumi na mmoja, ambao maziwa yao Qali huyauza mjini nasi tukala, walisimama wakinusa ardhi.

Nilidhani Abdiqani ataona haya. Aliita baraza. Tingatinga lilikuwa limeshafika, akasema, na lingechimba silanga ya pili Ban Awil, safari ya siku nne, uwanda wa mwisho wenye nyasi. Wale wale waliopoteza ng'ombe wakawa wanaitikia. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Hawa waliumwa, wakauliza nyoka mwingine yuko wapi. Sijawahi kuwadharau watu wangu kama siku ile.

Ngamia wangu ilibidi wapelekwe Ban Awil mara moja, la sivyo wangekufa. Lakini nikiondoka barazani, asiyekuwepo naye amekubali. Nilikuwa nalipima jambo hilo Qali alipolikata.

"Ngamia nitawapeleka mimi," alisema. "Wewe kaa ukatae. Na usieleze sana, huwa unaharibu."

Nikakaa. Kila walipoulizana kama kuna wa kupinga, nilisema ninapinga. Waliniomba, wakanikumbusha udugu, wakaniita adui wa watoto wenye kiu. Siku ya tatu Abdiqani alikuja kuketi karibu nami, akasema kwa sauti ya chini:

"Mkeo yuko njiani peke yake na ngamia dhaifu. Mwanamume gani hukaa kivulini wakati huo?"

"Yule aliyenyamaza mara ya kwanza," nilimjibu.

Siku ya nne mwenye tingatinga alichoka kusubiri, akalipandisha kwenye lori, akaenda zake. Abdiqani alisimama akawaambia watu kwamba nimewaua. Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyenisalimu nilipoondoka.

Nilimkuta Qali Ban Awil, miguu imevimba, na ngamia tisa. Wawili walianguka siku ya tatu ya safari. Mmoja alikuwa na mimba. Alinipa maziwa kidogo yaliyokuwepo, akaniuliza kama lile dude limeondoka. Nikamwambia limeondoka, lakini Abdiqani ataitisha baraza tena baada ya mvua. Akasema basi mvua ikinyesha nitarudi kuketi, naye atabaki na ngamia.